Waya wa kasi una gharama na hatari zake

Na Mwandishi Wetu, Pemba

WATUMIAJI wa kompyuta wa Chake Chake, Wete na Mkoani wanaotaka diski ya nje ya Thunderbolt hawana budi kupima mambo mawili kabla ya kulipa: bei na usalama.

Teknolojia hiyo ya Intel na Apple iliingia sokoni mwaka 2011 ikiwa na kasi ya gigabiti 10 kwa sekunde, mara mbili ya USB 3.0. Waya mmoja uliuzwa dola 49 za Marekani, kwani kila ncha ilikuwa na chipu zake.

Hatari ni kwamba kifaa kilichochomekwa huweza kuifikia kumbukumbu ya kompyuta moja kwa moja, bila kupitia prosesa. Mwaka 2020 mtafiti Björn Ruytenberg wa Uholanzi alionyesha kuwa mwenye bisibisi na dakika chache huweza kuifungua kompyuta iliyolala, hata ikiwa na nywila.

Wanunuzi wa kompyuta zilizotumika ndio wahusika hasa: nyingi za kabla ya mwaka 2019 hazina kinga, na hakuna programu inayoweza kuziba pengo hilo. Anayeiacha kwa fundi au hotelini aizime kabisa, asiilaze tu. Kwa barua za ofisi, USB ya kawaida inatosha, ingawa nayo hubeba virusi.