Uthabiti wa Dodoso la Dalili za Mkojo kwa Wagonjwa wa Tezi Dume: Mambo ya Kuzingatia katika Upimaji Kisiwani Mafia

Makala haya yanajadili namna ya kupima uthabiti wa dodoso la kimataifa la dalili za tezi dume, lijulikanalo kwa kifupi kama IPSS, linapotumika kwa Kiswahili katika jamii kama ya Mafia. Hoja yake ni kwamba dodoso laweza kupata alfa ya juu na bado lisimfae mgonjwa, kwa kuwa kinachopimwa si karatasi pekee, bali pia anayeisoma na majira inaposomwa.

Dodoso lina maswali saba kuhusu mwezi mmoja uliopita: kuhisi mkojo haujaisha kibofuni, kurudia kukojoa kabla muda wa saa mbili haujapita, mkojo kukatikakatika, kushindwa kuuzuia, mkondo dhaifu, kujikamua, na kuamka usiku kukojoa. Kila swali hupewa alama 0 hadi 5. Jumla ya 0–7 huhesabiwa dalili hafifu, 8–19 za wastani na 20–35 kali. Barry na wenzake (1992), waliounda maswali hayo nchini Marekani, waliripoti alfa ya Cronbach ya 0.86 na uwiano wa 0.92 baina ya kipimo cha kwanza na cha marudio. Takwimu hizo ni za Kiingereza cha wajazaji wenyewe. Hazihamii katika tafsiri.

Alfa huonyesha tu kama majibu yanakwenda pamoja. Mzee anayejibu "nusu ya mara" kwa kila swali ili asimuudhi muuguzi huipandisha alfa. Aidha, mgonjwa asiyesoma husomewa, na hapo lugha huleta mitego. "Kabla ya saa mbili", likisomwa harakaharaka, husikika kama saa ya asubuhi au ya usiku. Jibu la "zaidi ya nusu ya mara" likirahisishwa kuwa "mara kwa mara" hupoteza kipimo, kwani kwa wengine maneno hayo humaanisha kila wakati na kwa wengine mojamoja. Kwa sababu hiyo, uthabiti baina ya wasomaji wawili unastahili kupimwa kando na uthabiti wa marudio.

Majira nayo yana uzito. Mgonjwa akiulizwa mwishoni mwa Shaabani, kisha akarudiwa katikati ya Ramadhani, saa za kunywa maji zimekwisha kuhama: atakunywa baada ya futari na wakati wa daku, na ataamka zaidi. Tofauti hiyo ni ya kweli, lakini hesabu huiandika kama udhaifu wa dodoso. Vivyo hivyo kwa mvuvi wa Jibondo anayefuata bamvua na maji mafu. "Usiku" wake wa kulala si usiku wa karani. Swali la saba kwake liulize usingizi, si giza.

Athari zake zaonekana katika hesabu. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba mkengeuko sanifu wa alama ni 6. Uthabiti wa marudio ukiwa 0.92, kosa sanifu la kipimo ni takribani 1.7; ukiwa 0.70, kiwango ambacho watahiniwa wengi hukiridhia, hufika 3.3. Kwa uhakika wa asilimia 95, badiliko la mgonjwa mmoja hutambulika likifikia takribani alama 5 katika hali ya kwanza, na 9 katika ya pili. Barry na wenzake (1995) walionyesha kuwa nafuu ndogo anayoihisi mgonjwa huambatana na kushuka kwa wastani wa alama 3.1. Kiwango cha 0.70, basi, chaweza kufaa kulinganisha makundi. Kumwamulia mtu mmoja hakifai. Aliyepanda kutoka 18 hadi 21 ameingia katika dalili "kali", na huenda akaelekezwa kuvuka kutoka Kilindoni hadi Nyamisati, kisha Dar es Salaam, kwa sababu ya kosa la kipimo.

Kwa wasiosoma, van der Walt na wenzake (2011) wa Afrika Kusini walipendekeza dodoso la picha. Picha hupunguza mzigo wa msomaji, ila nazo zahitaji kupimwa upya hapa.

Limebaki suala la marudio yenyewe. Anayetoka Chole au Juani hurudi bahari ikiruhusu, na mwenye maumivu makali huenda asirudi kabisa. Tasnifu itaje idadi ya wasiorudi pamoja na alama zao za mwanzo, jina la mwezi wa Kiislamu wa kila kipimo, na iwapo msomaji alikuwa yuleyule.