Gari la Safari: Magurudumu Manne ya Kiwandani au Kuinuliwa Gereji?

WAFANYABIASHARA wanaotaka kuingia katika usafirishaji wa watalii hukutana na swali moja kabla hata ya kumpata mteja wa kwanza. Je, mtu aongeze fedha na kununua basi dogo lililotoka kiwandani likiwa na mfumo wa magurudumu manne, au achukue la kawaida kwa bei nafuu, kisha alipeleke kwa fundi aliinue na kulifunga matairi makubwa?

Wiki hii tunaliangalia swali hilo kwa kutumia Toyota HiAce, gari linalowafaa wenye mtaji mdogo ambao bado hawajaifikia Land Cruiser. HiAce za kizazi kilichoanza kuuzwa mwaka 2004 zilitengenezwa Japani kwa namna mbili: zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, na zinazosukumwa na yote manne. Kwa nje hufanana sana, na hapo ndipo mnunuzi huanza kudhani kwamba tofauti ya bei ni ya jina tu.

Urefu si nguvu

Fundi anapoinua HiAce, mbele hukaza vyuma vya tosheni na nyuma huweka vipande vya chuma kati ya ekseli na springi. Bodi hupanda na gari huonekana la porini. Lakini difu ya nyuma iko kwenye ekseli, na ekseli haikupanda. Kinachoinua ekseli ni tairi tu, tena kwa nusu ya nyongeza yake: tairi likizidi kipenyo kwa sentimeta 5, difu hupata sentimeta 2.5.

Jambo la pili ni tope. Gari la magurudumu mawili likiinuliwa hubaki la magurudumu mawili. Gurudumu moja la nyuma likianza kuzunguka bure, jingine halina msaada. Mwenye kazi zake Ndutu kati ya Januari na Machi, nyumbu wanapozaa na mvua kunyesha, anajua gharama ya kuvutwa na trekta huku wageni wakitazama saa. Aidha, magari yanayoteremka ndani ya Kreta ya Ngorongoro yanatakiwa kuwa ya magurudumu manne. Hakuna kimo cha springi kinachoweza kuziba pengo hilo.

Hata hivyo, HiAce ya magurudumu manne isichukuliwe kuwa ni Land Cruiser. Mfumo wake hugawa nguvu mbele na nyuma wenyewe, lakini hauna gia ndogo ya ziada kwa ajili ya milima mikali na tope zito.

Kiwanda nacho hukosea

Wapo wanaosema kwamba cha kiwandani siku zote ni salama. Si kweli. Nchini Marekani, Ford ilitoa toleo la mwaka 2023 la gari lake la Transit liitwalo Trail, lililoinuliwa kiwandani kwa inchi 3.5 na kufungwa matairi ya inchi 30.5. Baadaye ilibidi kampuni iyaite magari hayo yarudi, kwa kuwa matairi ya mbele yaliweza kugusa sehemu za bodi gari linapokata kona.

Funzo kwa mwekezaji ni hili: kosa la kiwanda hulipwa na kiwanda. Kosa la gereji hulipwa na mwenye gari. Boljointi zikiisha mapema kwa sababu tosheni imekazwa kupita kiasi, au tairi likikwangua bodi, bili ni yako. Gari lililopanda huwa jepesi zaidi kupinduka, hasa likiwa na paa la kufunguka na abiria wamesimama. Bima nayo inaweza kuleta ubishi ikiwa mabadiliko hayakutajwa katika mkataba.

Hesabu ya siku

Tuchukue mfano. Tuseme gari la magurudumu manne limezidi lile la kawaida kwa shilingi milioni 8, na kuinua gari la kawaida kunagharimu milioni 2. Aliyekwenda gereji ameokoa milioni 6. Kama gari humwachia shilingi 300,000 kwa siku baada ya matumizi, siku 20 za kulala gereji au kukosa safari zinaumaliza akiba wote. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Kila mmoja aweke za kwake. Lakini aanze na idadi ya siku, si bei ya kununulia.

Hii haina maana kwamba gereji haina kazi. Kwa anayepeleka wageni uwanja wa ndege, hotelini na kwenye hifadhi zenye njia nzuri wakati wa kiangazi, gari la kawaida lenye shokapu mpya na matairi mazuri linatosha, na fedha iliyobaki ni mtaji wa kuendeshea kazi.

Ushauri wetu ni kwamba mnunuzi afanye mambo matatu kabla ya kulipa. Kwanza, aandike njia atakazopita na miezi atakayofanya kazi. Pili, alale chini ya gari na kuhakikisha kwa macho kwamba ekseli ya mbele ina difu, kwani nembo ya nyuma hubandikwa na yeyote. Tatu, kama ataliinua, aliinue kidogo, apime mpangilio wa magurudumu na breki mara baada ya kazi, na aiarifu bima kwa maandishi.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Katika biashara hii, huvunja pia miadi na mgeni, na mgeni aliyekwama hasahau jina la kampuni.