Nyimbo za Bibi Miriam Makeba na Maneno ya Kuazima

Mwimbaji aimbaye kwa lugha isiyo yake hupimwa kwa mizani mbili: utamu wa sauti na usahihi wa maneno. Bibi Miriam Makeba, mwimbaji na mwigizaji wa Afrika Kusini, alipimwa hivyo na wasemaji wa Kiswahili kwa ajili ya wimbo mmoja, "Malaika". Wengi walimsifu sauti. Wako waliomtoa kosa katika kitenzi. Yafaa kosa hilo litazamwe kwa makini, maana huenda si kosa.

Bibi Makeba alizaliwa Johannesburg tarehe 4 Machi, 1932. Baba yake alikuwa Mxhosa na mama yake Mswazi. Katika miaka ya 1950 aliimba na kundi la Manhattan Brothers, kisha na kundi la wanawake lililoitwa Skylarks. Mwaka 1959 aliigiza mwanamke mwenye kilabu cha pombe katika "King Kong", mchezo wa kuigiza wenye nyimbo. Mwaka huo huo alionekana akiimba katika "Come Back, Africa", picha ya sinema iliyopigwa kwa hila ili serikali ya ubaguzi isitambue shabaha yake. Picha hiyo ilimfikisha Venice, na baadaye Harry Belafonte akamsaidia kujulikana Marekani. Mama yake alipofariki mwaka 1960, alizuiwa kurudi kwao kumzika. Alikaa ugenini hata mwaka 1990.

Katika miaka hiyo, lugha za kwao zilikuwa mzigo ambao hakuna askari wa forodha awezaye kumnyang'anya mtu. Sahani yake ya mwaka 1960 ilikuwa na "Qongqothwane", wimbo wa arusi wa Waxhosa, wenye sauti za kidoko. Wageni walizistaajabia sauti hizo kama mchezo wa ulimi, lakini katika Kixhosa ni konsonanti kama konsonanti nyingine. Katika Tanzania, Wasandawe na Wahadzabe wanazo katika lugha zao.

"Pata Pata", iliyotolewa Marekani mwaka 1967, ilipanda hata nafasi ya 12 katika orodha ya nyimbo zilizovuma huko. Sikio la Mswahili hudhani limesikia kitenzi "kupata". Kumbe neno lenyewe ni "phatha", yaani kugusa, na wimbo wahusu ngoma iliyoitwa kwa jina hilo. Herufi "ph" hapo si "f", bali ni "p" yenye pumzi, kama ile ambayo wenyeji wa pwani huitamka katika "paa" mnyama, wasiitamke katika "paa" la nyumba.

Sasa twende kwenye "Malaika". Fadhili William wa Kenya aliurekodi wimbo huu mwanzoni mwa miaka ya 1960, naye Adam Salim, mzaliwa wa Tanganyika, alidai kuwa ndiye mtunzi. Bibi Makeba na Belafonte waliuimba katika sahani yao ya mwaka 1965, ambayo mwaka 1966 ilipewa tuzo ya Grammy. Msemaji wa wimbo ni kijana mwanamume anayelia kwa umaskini, kwa kuwa hana mali ya kumwezesha kuoa. Bibi Makeba hakugeuza kitenzi hicho. Wakosoaji husema: mwanamume huoa, mwanamke huolewa, basi mwanamke awezaje kuimba kuoa?

Tofauti hiyo haikuwa ngeni kwake. Kixhosa nacho hutenga: mwanamume "huzeka", mwanamke "huenda", yaani hutoka kwao kwenda kwa mume. Hata mtu wa Uchindile, au wa kokote katika bonde la Kilombero, ambaye nyumbani husema Kihehe, Kindamba au Kipogoro, akijifunza Kiswahili hufundishwa mapema kutochanganya kuoa na kuolewa. Lakini kanuni hiyo ni ya mtu asemaye kwa nafsi yake. Mwimbaji hasemi kwa nafsi yake. Katika taarabu ya Unguja wanawake wameimba tungo za wanaume, na hadhira haikudhani kuwa mwimbaji amebadilika jinsi. Vivyo hivyo, alipoigiza mwenye kilabu katika "King Kong", hakuna aliyemshtaki kuuza pombe.

Kama angaliandika "kuolewa" badala ya "kuoa", sarufi ingaliridhika, lakini kisa kingaliharibika. Mahari hutolewa na mwoaji. Mwenye kuolewa hazuiwi na ukosefu wa mali yake mwenyewe. Kitenzi kile ndicho kilichobeba uchungu wote wa wimbo.

Bibi Makeba alifariki Italia tarehe 9 Novemba, 2008, baada ya kuimba jukwaani. Wengi wanaotumia Kiswahili hawakunyonya lugha hiyo kwa mama zao. Waliiazima, kama alivyofanya yeye. Mwazima mwema hurudisha kitu kikiwa kizima, naye alikirudisha kitenzi kama alivyokipokea.