Julai Mbeya, AC isizimwe

Baridi ikishakaza Mbeya, kuanzia mwishoni mwa Mei, kitufe cha AC kwenye magari mengi hakiguswi tena hadi Septemba. Sababu inaeleweka: nani awashe kiyoyozi alfajiri ambayo joto limeshuka hadi nyuzi 6? Lakini kitufe hichohicho ndicho kingemwondolea dereva adha anayopambana nayo kila asubuhi akiwa na kitambaa mkononi, pale kioo cha mbele kinapojaa mvuke kwa ndani, na taa za lori linalotoka Tunduma zinageuka utandu mweupe mbele ya macho yake.

AC haipozi hewa tu, huikausha pia. Hewa ikipita kwenye mabomba ya baridi nyuma ya dashibodi, mvuke wake hugeuka matone na kudondoka nje. Ndiyo maji yale yanayoonekana chini ya gari lililosimama na AC ikiwa imewashwa. Hewa hiyo iliyokauka ikipitishwa kwenye hita, inafika kiooni ikiwa kavu na ya moto. Kwa hiyo AC na hita huwashwa pamoja, feni ikipuliza kwenye kioo cha mbele. Katika magari mengi yanayotoka Japani kuna kitufe chenye alama ya kioo kilichopinda na mishale ya mawimbi, na ukikibonyeza, gari lenyewe hupanga hayo yote.

Hesabu yake ni rahisi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi joto 20 huweza kubeba hadi takriban gramu 17 za mvuke. Ikipozwa hadi nyuzi 5 haiwezi kubeba hata gramu 7. Kinachozidi lazima kitue mahali, na ndani ya gari hakuna mahali pa baridi kuliko kioo. Mtu mzima hutoa zaidi ya gramu 10 za maji kwa saa kwa kupumua tu. Daladala ya Uyole yenye abiria 15, madirisha yote yamefungwa, inajaziwa zaidi ya gramu 150 kila saa, na hapo makoti yenye umande hayajahesabiwa.

Kisha kuna vumbi. Kipupwe cha Juni hadi Agosti ndicho pia kiangazi cha Nyanda za Juu Kusini, na kwenye barabara za changarawe dereva hufunga njia ya hewa ya nje asile vumbi. Ni uamuzi wa busara, isipokuwa anasahau kuifungua akirudi kwenye lami. Kuanzia hapo pumzi za abiria zinazungushwa ndani kwa ndani, na kioo hakikauki hata feni ikipigwa hadi mwisho. Filta ya hewa ya ndani, ambayo kwa magari mengi hukaa nyuma ya droo ya dashibodi, nayo ikishaziba kwa vumbi jekundu, upepo unaofika kiooni unakuwa dhaifu.

Tatizo kubwa zaidi hutokea gereji. Gari linachemsha, fundi anatoa themostati na kuitupa, rejeta inajazwa maji ya bomba, mteja anaondoka ameridhika. Kwa mtu wa Dar es Salaam au Morogoro, madhara yake yanaweza kuchukua muda kuonekana. Lakini themostati ndiyo inayozuia maji yasikimbilie kwenye rejeta kabla injini haijapata moto. Isipokuwepo, injini ya gari linaloondoka Mafinga saa kumi na moja alfajiri inapozwa kupita kiasi, inakula mafuta zaidi, na hita, ambayo joto lake lote linatoka kwenye maji hayohayo, inapuliza ubaridi. Vivyo hivyo kwa mabomba ya hita: yakivuja, mafundi wengine huyaunganisha moja kwa moja na kuikata hita kabisa. Anayenunua gari lililotumika pwani ili alipeleke Iringa au Mbeya angefanya vizuri kuiwasha hita kabla ya kulipa, injini ikiwa ya moto.

Suala hili la ukungu kiooni lina uzito zaidi tangu mwaka 2023, Serikali iliporuhusu tena mabasi kusafiri usiku. Basi linaloondoka Dar es Salaam jioni hubeba hewa ya pwani yenye unyevu, hupita joto la Ruaha Mbuyuni, hupanda Kitonga, na kufika Mafinga na Makambako saa zile ambazo baridi ni kali kuliko zote, abiria wamelala na kila dirisha limefungwa. Kufuta kwa kiganja hapo hakusaidii, kwa kuwa mafuta ya mkono hubaki kiooni na kutawanya mwanga wa kila taa inayokuja.

Kioo safi huchelewa kushika ukungu. Uchafu wa sigara, vumbi na ule utando unaotoka kwenye plastiki ya dashibodi huyapa matone pa kushikilia, kwa hiyo kusugua kwa ndani kila wiki si urembo. Tone la sabuni ya maji likipakwa na kung'arishwa kwa kitambaa kikavu hufanya maji yatandae badala ya kujikusanya matone. Kiazi kibichi kilichokatwa, mbinu ya zamani ya madereva wa nchi nyingi, nacho huacha utando wa aina hiyo, na viazi si haba Uyole wala Njombe.

Huko juu, Kitulo na Makete, panahitajika tahadhari nyingine. Nyanda za Kitulo, zilizofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, zinafika mita 2,600 na zaidi, na usiku usio na mawingu wala upepo kioo hupoteza joto lake kuelekea angani hadi kikapoa kuliko hewa inayokizunguka. Ndiyo maana sakitu inaweza kukifunika hata kama hewa yenyewe haijafika sifuri. Turubai au kipande cha boksi kilicholazwa juu ya kioo jioni huzuia hilo, na gari lililoegeshwa likitazama mashariki hupata jua mapema. Maji ya moto yasimwagwe kamwe, maana kioo chenye ufa mdogo kinaweza kupasuka chote. Maji matupu kwenye rejeta nayo yanaweza kuganda na kupasua injini. Huko kulanti ni lazima. Na AC yenyewe, joto likikaribia sifuri, kwa magari mengi hujizima, kazi ikabaki kwa hita na hewa ya nje.

Safari ya kushuka ina kichekesho chake kwa dereva asiyeijua. Akitoka Isyonje kuelekea Tukuyu hadi Kyela, kioo kilichopoa kinakutana na hewa ya joto yenye unyevu wa Ziwa Nyasa, na ukungu unatanda kwa nje. Atafuta ndani bila mafanikio. Hapo kinachotakiwa ni waipa, na upepo wa baridi uondolewe kwenye kioo.