Vita Vilivyosubiri Masika Yaishe: Korogwe na Handeni, Juni 1916

Kalenda za "siku kama ya leo" zinazozunguka kwenye simu hazikosi cha kusema mwezi Juni. Tarehe 6, Normandy, 1944. Tarehe 18, Waterloo, 1815. Tarehe 28, risasi za Sarajevo, 1914. Watoto wetu waliozaliwa huku Ulaya wanafundishwa hayo shuleni. Lakini Juni hiyohiyo ina tarehe za kwetu, na wengi tuliokulia kule tumezipita kimya: 9, 15 na 24 Juni, zote za mwaka 1916. Ndani ya wiki mbili hivi Mjerumani aling'olewa Mombo, Lushoto, Korogwe na Handeni, na utawala wake haukurudi tena katika nchi ya Wasambaa, Wabonde na Wazigua.

Nani alishinda tunajua. Kinachonivutia mimi ni kwa nini Juni.

Jenerali Jan Smuts, Kaburu wa Afrika Kusini aliyewahi kupigana na Waingereza kabla ya kuwapigania, alikabidhiwa majeshi ya Uingereza ya Afrika Mashariki Februari 1916. Machi alishachukua Moshi na Kahe. Kisha masika yakaanza. Aliyewahi kusafiri nyanda za chini za Pangani mwezi Aprili hahitaji kuelezwa zaidi: udongo mweusi unashika magurudumu, mito inajaa, madaraja yanasombwa. Smuts akakwama chini ya Kilimanjaro kwa wiki kadhaa. Kikosi chake kimoja, cha Van Deventer, kilitangulia hadi Kondoa Irangi mwezi Aprili, na huko kikafungiwa na mvua kikiwa hoi kwa njaa na maradhi. Von Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Kijerumani, akahamisha nguvu zake nyingi kwenda kukikabili. Upande wa Pangani akabaki Meja Kraut na watu wachache.

Mvua zilipolegea, karibu na 22 Mei, Smuts akaanza kushuka. Kundi moja lilifuata reli, jingine lilifuata ukingo wa mto Pangani, na la tatu lilipita mashariki kwenye milima ya Upare. Mwisho wa Mei walikuwa Bwiko. Tarehe 9 Juni Mombo ikaanguka, na siku hiyohiyo kukawa na mapigano Mkalamo, kando ya mto. Tarehe 12, Lushoto, wakati huo ikiitwa Wilhelmstal. Tarehe 15 askari wa Hannyngton, mmoja wa makamanda wa Smuts, wakaingia Korogwe. Kati ya 18 na 20 Juni Handeni nayo ikawa mikononi mwa Waingereza.

Ukisoma vitabu vya wakubwa wa vita utadhani haya yote yalikuwa akili ya Smuts. Mimi namwona kama mtu aliyengojea matope yakauke. Waterloo nayo ina kisa kama hicho: Napoleon alichelewa kuanza asubuhi ile kwa sababu mvua ya usiku ilikuwa imelowesha uwanja. Tena Kraut hakukamatwa. Kila alipozungukwa alijiondoa, akaachia ardhi, akabaki na jeshi lake.

Korogwe ilikuwa na thamani gani? Reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911. Ilibeba mazao ya mashamba ya walowezi, mkonge ukiwamo, zao ambalo Richard Hindorf alilileta pwani ile mwaka 1893 likawa ndilo uchumi wa Korogwe kwa vizazi. Ila reli hiyo ilikuwa na kasoro moja kubwa: haikuungana na Reli ya Kati inayotoka Dar es Salaam. Katikati palikuwa na Handeni, na Handeni haikuwa na reli.

Hapo ndipo hadithi inaponoga. Wajerumani waliokuwa wamezingirwa na meli za Uingereza baharini walichukua vyuma vya reli ndogo za mashambani wakatandika njia ya toroli kutoka Mombo, kupitia Mkalamo, hadi Handeni. Hapakuwa na injini. Visanduku vya magurudumu vilisukumwa na watu, kilometa baada ya kilometa, vikiwa na chakula na risasi. Vikifika Handeni mizigo ilipanda vichwani mwa wapagazi na kuelekea kusini mpaka Reli ya Kati. Kwa hiyo Handeni, ambayo leo msafiri wa basi la Arusha haioni kabisa kwa kuwa barabara kuu inapita Segera, ilikuwa kiungo cha koloni zima. Smuts alipoacha reli kuu na kukata kuelekea Handeni, alikuwa anaufuata mshipa huo.

Baada ya Handeni mambo yakawa magumu. Tarehe 20 Juni, Kangata, maili chache kusini mwa mji, kikosi cha Waafrika Kusini kilijikuta mbele ya bunduki za rashasha zilizofichwa kichakani, na watu wengi wakaanguka kabla hawajamwona adui. Siku nne baadaye, 24 Juni, zamu ikawa ya mto Lukigura. Hoskins, kamanda mwingine wa Smuts, aliondoka na watu wake usiku wa kuamkia siku hiyo, akazunguka mbali na kuvuka mto, huku mwenzake Sheppard akiwashughulisha Wajerumani kwa mbele. Mchana wapiganaji wa Kashmir, kutoka India, pamoja na Royal Fusiliers wa kutoka London, wakapanda kilima kwa singe. Fikiria Mzigua aliyekuwa porini akichungulia: Mkashmiri, Mlondoni, Kaburu, askari wa Kiafrika wa pande zote mbili, na Mjerumani, wote wanauana juu ya mto ambao hakuna hata mmoja wao aliyekunywa maji yake utotoni.

Kisha wakasimama. Huko Mziha, chini ya milima ya Kanga, jeshi lililochoka lilipiga kambi tangu mwisho wa Juni hadi mapema Agosti. Askari waliipachika kambi hiyo jina la kambi ya makombora, na hawakukosea. Wajerumani walikuwa wamekokota hadi huko mzinga wa manowari yao Königsberg, iliyokuwa imemalizwa kwenye delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Mzinga uliotengenezwa kupiga meli baharini ukawa unawapiga watu waliolala kwenye mashimo ya udongo katika nchi ya Wazigua.

Lakini mbung'o na mbu waliwaumiza kuliko mzinga. Farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota mikokoteni walikufa njia nzima, chakula kikawa nusu posho, malaria na kuhara vikamaliza vikosi. Batalioni ya Tisa ya Afrika Kusini ilianza Februari ikiwa na watu 1,135. Ilipofika Oktoba waliokuwa na afya ya kupigana walikuwa 116.

Mnyama akifa, mzigo anabebeshwa mtu. Hapa ndipo masika yanaporudi kwa sura nyingine: msimu unaokausha barabara ndio msimu wa kuvuna mahindi. Majeshi yaliingia ghala zikiwa zinajazwa na vijana wakiwa shambani. Pande zote mbili zilichukua chakula na zilichukua watu. Hesabu rasmi za Waingereza zilikiri vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000 katika kampeni yote. Wanahistoria wengi wanaona idadi halisi inakaribia 100,000. Wachache sana kati ya wapagazi hao wana kaburi lenye jina. Wazungu waliokufa majina yao yamechongwa kwenye mawe, na mengine yanasomwa kila Novemba huku tunakoishi.

Tanga yenyewe, iliyowashinda Waingereza kwa aibu Novemba 1914, ilichukuliwa kutoka nchi kavu bila upinzani wa maana tarehe 7 Julai 1916. Ndiyo, Saba Saba. Miaka 38 baadaye, tarehe hiyohiyo, TANU ikazaliwa Dar es Salaam. Ni sadfa tu, msiitafutie nyota. Hata hivyo sioni kwa nini mwalimu wa historia pale Korogwe asiitumie kuamsha darasa lililosinzia.

Tarehe nyingine za miezi hii hazikuamuliwa na mvua bali na karatasi. Tarehe 28 Juni 1919, Versailles, Ujerumani ilitia saini kuachia makoloni yake. Tarehe 20 Julai 1922, Shirikisho la Mataifa lilithibitisha udhamini wa Uingereza juu ya Tanganyika. Mashamba ya Wajerumani yalikuwa yameshataifishwa na kuuzwa kwa wenyewe wapya. Mkata mkonge aliendelea kukata mkonge.

Pengo la reli lililozaa toroli za Handeni lilizibwa 1963, Tanganyika ikiwa huru, kwa njia inayotoka Mnyusi, wilayani Korogwe, hadi Ruvu. Njia ya vita nayo ipo bado, karibu ileile: Korogwe, Handeni, Kangata, Mziha, Turiani. Ukiwa likizo nyumbani Julai au Agosti, unaweza kuipita kwa gari la kawaida ukivumilia vumbi. Ukienda Aprili, waulize kwanza madereva wa stendi ya Handeni kama njia inapitika.