Pudini ya Karameli Inashikaje?

Msomaji wa Isingiro, wilayani Kyerwa, ametuuliza kuhusu pudini ya karameli aliyoila hotelini Bukoba. Ilikuwa laini, ikitingishika sahanini bila kuvunjika. Akarudi nyumbani akatumia vitu vilevile: mayai, maziwa, sukari na vanila. Yake ikatoka na matundu, imezungukwa na majimaji. Anashuku wapishi wa hoteli wanatia kitu wasichokisema.

Hawatii kitu. Wanalinda joto. Mchanganyiko wa mayai, maziwa na sukari huanza kushika kwenye nyuzijoto 78 au 80 hivi. Ukivuka 85, unaharibika. Utamu wote wa pudini ya hoteli umo katika nafasi hiyo finyu.

Nasema “kushika” kwa makusudi, ingawa wengi wangesema “kuganda”. Samli na maji huganda kwa baridi, na ukivipasha moto vinarudi vilivyokuwa. Yai hushika kwa joto, na halirudi tena hata ukilizika kwenye barafu. Neno moja kwa mambo mawili yanayopingana humpoteza mpishi, akaongeza moto pale anapopaswa kuupunguza.

Sasa tuingie ndani ya yai. Karibu robo tatu yake ni maji, na protini ni gramu 6 hivi tu. Kila molekuli ya protini ni mnyororo mrefu uliojikunja. Chukulia ni kamba za mgomba zilizoviringwa moja moja, zikielea kwenye pipa la maji. Maadamu zimeviringwa, hazina pa kunasana. Zinapishana tu, ndiyo maana yai bichi linatiririka. Lete moto: kamba zinatikisika, zinalegea, zinakunjuka. Sehemu za kunata zilizojificha ndani sasa ziko nje. Kamba hii inaikamata ile, ile inakamata nyingine, hadi pipa zima linakuwa kikapu kimoja chenye vitundu vidogo mno, na kila kitundu kimezuia tone la maziwa lisiende popote. Pudini ndiyo hiyo: sehemu kubwa yake ni maji, na bado inasimama. Ukizidi kuchochea moto, kamba haziachi kukamatana. Zinajivuta, kikapu kinabana, na matone yaliyotulia yanakamuliwa nje. Majimaji ya msomaji wetu yametoka humo. Matundu yameletwa na mvuke, mchanganyiko ulipochemka.

Maziwa nayo yana kazi kubwa kuliko ladha. Protini za yai kwa sehemu kubwa zina chaji hasi, kwa hiyo zinasukumana. Kalisi iliyomo kwenye maziwa inatuliza msukumano huo. Pika yai kwa maji na sukari tu, halitashika vizuri. Ongeza chumvi kidogo, linashika, kwa sababu madini ya chumvi yanafanya kazi ileile. Sukari yenyewe huchelewesha kamba kukunjuka, na hivyo kumpa mpishi muda.

Hotelini bakuli huwekwa ndani ya trei ya maji, kisha vyote vikaingia oveni. Jiko la mkaa linatosha, kwa sababu maji hayawezi kupita kiwango chake cha kuchemka. Na vilima vya Karagwe na Kyerwa vinasaidia: penye kimo cha mita 1,500, maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi, wakati Tanga au Dar es Salaam ni 100.

Pasha maziwa nusu lita na vanila, nayo inalimwa hukohuko Kagera. Yakishachemka, yaache yawe vuguvugu. Changanya na mayai 4 na sukari gramu 80 bila kutoa povu, kisha chuja. Yeyusha gramu 100 nyingine za sukari kwenye sufuria kavu hadi iwe ya kahawia, imimine kwenye bakuli, juu yake mimina mchanganyiko. Tandika kitambaa ndani ya sufuria pana, weka bakuli, jaza maji moto hadi nusu ya kimo chake. Funika bakuli kwa jani la mgomba lililobabuliwa. Maji yasitokote. Kingo zikishika na katikati pakiwa bado panatetema, epua; joto lililobaki litamalizia.

Iache friji saa kadhaa. Karameli ngumu iliyo chini itavuta maji ya pudini na kuyeyuka yenyewe kuwa mchuzi. Asiye na friji aipoze kwenye maji baridi, iliwe siku hiyohiyo.

Kwa kuwa kushika kunategemea protini na joto, ladha ni yako kuchagua. Loweka kahawa ya Karagwe iliyosagwa kwenye yale maziwa ya moto, chuja, kisha endelea vilevile. Pasheni usiitie, kwani asidi yake hukata maziwa.