Uraia si hisani ya jukwaani

Siku niliyokwenda kuchukua kitambulisho nilikuwa kijana wa miaka 18, na sikwenda peke yangu. Niliandamana na rafiki yangu ambaye tuliketi dawati moja tangu darasa la kwanza, katika shule moja ya msingi upande wa Msambweni, Kwale. Tuliamka alfajiri, tukavaa mashati yetu ya sikukuu, tukapanga foleni. Mimi nilitoka katika ofisi ile vidole vikiwa vimepakwa wino. Mwenzangu alitoka kama alivyoingia.

Karani aliyetuhudumia hakuwa mtu mkali. Alimwuliza tu, "Kipande cha babako kiko wapi?" Babake hakuwa nacho. Alikuwa Mmakonde, mchongaji wa vinyago, aliyezaliwa katika kambi ya vibarua wa mkonge. Mzazi wake ndiye aliyetoka Msumbiji zama za ukoloni kuja kutafuta kazi. "Basi nenda kamtafutie mzee chake kwanza, ndipo uje utafute chako," karani akasema. Kwa maneno hayo machache rafiki yangu alifungiwa mlango ambao haukufunguka kwa zaidi ya miaka 20.

Msomaji aliyezaliwa na kitambulisho kikimngojea huenda asielewe uzito wa jambo hili. Asiye na kipande haandikishwi kazi, hafungui akaunti katika benki, hapigi kura, wala hawezi kumiliki shamba kwa jina lake. Akikutana na askari usiku, roho humruka. Zilipokuja simu za mkononi, laini aliyoitumia rafiki yangu niliinunua mimi kwa jina langu, na kila shilingi aliyotumiwa ilisomeka kuwa yangu. Vinyago vya babake vilipandishwa ndege na watalii vikaenda Ulaya, ilhali mwenyewe aliviuza kwa walanguzi kwa bei waliyoitaka wao, kwa kuwa hakuwa na karatasi ya kumwezesha kufanya biashara kwa jina lake.

Je, watu hawa walikosea wapi? Katiba ya uhuru ya mwaka 1963 ilimfanya raia yule aliyezaliwa Kenya ikiwa mzazi wake mmoja naye alizaliwa humu. Baadhi ya wengine walipewa haki ya kuomba kuandikishwa, na muda wao ulikuwa miaka 2 tu. Kibarua wa shambani asiyejua kusoma, ambaye msimamizi wake ndiye aliyekuwa serikali kwake, angejuaje kwamba kuna muda unaohesabiwa? Muda ulipita, naye akaendelea kukata mkonge. Alizaa, akajukuu, akazikwa katika ardhi hii hii, na wajukuu wake wakaambiwa kuwa ni wageni.

Wala Wamakonde hawakuwa peke yao katika mkasa huu. Wapemba, wavuvi waliohamia pwani yetu kutoka kisiwa cha Pemba, walikaa Kilifi, Kwale na Mombasa kwa vizazi kadhaa wakivua bila kutambuliwa. Washona waliokuja kutoka nchi ambayo leo ni Zimbabwe kueneza dini yao miaka ya 1960 walikwama katika hali iyo hiyo. Nao Wanubi wa Kibera, ambao babu zao walipigana katika jeshi la Mwingereza, wamesailiwa mara nyingi kana kwamba waliingia nchini jana.

Katiba ya mwaka 2010 na sheria ya uraia ya mwaka 2011 zilikuja na matumaini. Sheria hiyo ilisema kwamba mtu asiye na uraia wa nchi yoyote, ambaye ameishi Kenya mfululizo tangu 12 Desemba 1963, anaweza kuomba kuandikishwa kuwa raia. Miongoni mwa masharti ni kwamba ajue Kiswahili au lugha mojawapo ya wenyeji. Mpemba kuulizwa kama anajua Kiswahili! Lakini mlango huo nao ulipewa muda: miaka 5, kisha ikaongezwa 3. Kwa mara nyingine mnyonge aliambiwa afanye haraka, ilhali waliopaswa kumwandikisha walikwenda polepole.

Ndipo mwezi Oktoba 2016 Wamakonde wa Kwale walipoamua kushika njia kwenda Nairobi kumwona Rais. Wazee na kina mama walikuwamo. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea Ikulu, akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha. Washona walitangaziwa uraia Siku ya Jamhuri mwaka 2020. Wapemba nao walipata zamu yao mwaka 2023 chini ya Rais William Ruto. Na Februari 2025 Rais huyo huyo alitia sahihi tangazo la kufuta usaili wa ziada uliowakabili wakazi wa kaskazini mashariki walipoomba vitambulisho.

Nilifurahi kila mara, na asiyeshukuru kwa hayo hana utu. Hata hivyo, tazama vizuri, msomaji. Mara zote hizo haki ilishuka kutoka kinywani mwa mkubwa. Haikutoka kwenye dirisha la karani, ambako sheria ilikuwa imeiweka. Anayepewa haki yake jukwaani, mbele ya kamera, hufunzwa kuipokea kama zawadi, na zawadi ina deni. Je, jamii isiyo na watu wa kutosha kuandamana hadi Nairobi, au isiyo na kura za kumvutia mwanasiasa, itangojea jukwaa la nani?

Najua wapo watakaosema kwamba nchi ina maadui na kwamba kitambulisho hakiwezi kugawiwa kama njugu. Hoja hiyo ina uzito, nami sipuuzi damu iliyomwagika Westgate mwaka 2013 na Garissa mwaka 2015. Lakini mwenye nia mbaya na fedha mfukoni hatapanga foleni alfajiri. Ataingilia mlango wa nyuma. Anayezuiwa na ukali wa karani ni maskini mwaminifu asiye na cha kutoa. Zaidi ya hayo, mtu aliyeandikwa jina, makazi na alama za vidole hujulikana aliko kuliko yule aliyeachwa bila kuandikwa popote.

Kwa hivyo naomba mambo matatu. Mlango wa kuomba uraia kwa wasio na nchi uwe wazi daima, usiwekewe muda. Anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, katika siku zilizotajwa, ili aweze kwenda mahakamani. Na kila mtoto anayezaliwa nchini aandikwe kwa majina ya wazazi wake halisi, wawe na kipande au wasiwe nacho.

Hili la mwisho lina sababu yake. Rafiki yangu alipata kitambulisho akiwa amepita miaka 40. Alinionyesha akicheka, kisha akanyamaza. Bintiye alizaliwa hospitalini wakati wazazi wake hawana karatasi yoyote, na jirani mwema akawaazima jina lake ili mtoto apate cheti cha kuzaliwa na kusoma. Leo baba ni Mkenya kamili, lakini kwa mujibu wa cheti msichana huyo ni mtoto wa mtu mwingine.

"Bwana we," aliniambia, "nimepata nchi. Sasa nitafute mtoto wangu."

Ameanza kuzunguka maofisini upya. Sitaki asubiri miaka mingine 20.